Bei ya kuranti inapangwa siku kontra inasainiwa

Juma lililopita mama mmoja jirani yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, anauza samaki wa frigo, alinileteya fakture yake ya umeme ameikunja mara nne ndani ya kile kitambaa anafungiaka pesa, akaniuliza: "Mwanangu, wewe njo unasomaka haya makaratasi ya Leta, niambie, hii bei nani aliiandika?" Nikaifungua mezani. Bei iko, deni la mwezi wa nyuma liko, lakini bei imetoka wapi, hakuna hata mstari mmoja. Na mwezi ule kuranti ilikuwa inakuja usiku wa manane tu, samaki wakalainika mara mbili, hasara yote ikabaki kwake.

Mimi ni juriste, kazi yangu ya miaka mingi ni kusoma kontra za umeme na maji, zile Leta, ni kusema serikali, inafanya ubia na kampuni binafsi. Na ninasema wazi, swali la yule mama linapita mengi ninasikiaka kwenye semina, juu sisi tunapoteza nguvu kubishana kama kampuni ni ya wageni ao ya wenyeji, wakati kitu kinachotuumiza kiko ndani ya kontra, kurasa za nyuma kule kwenye viambatisho, penye watu wameshachoka kusoma.

Kontra ya ubia, ukiivua maneno makubwa, ni kugawana hatari. Maji ya mto yakipungua nani anapoteza? Dolari ikipanda? Abone, wateja wa kuranti, wakikosa kulipa? Kila hatari inaandikiwa mwenyewe, na ile iliyosahauliwa inaangukia Leta, na Leta ikikosa pesa inatuangukia sisi.

Chukua mto Ruzizi, uko hapa mlangoni kwetu. Mtambo wa Ruzizi I unatoa kuranti tangu 1958, Ruzizi II tangu 1989, na hii ya pili inaendeshwa na SINELAC, shirika la nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Sasa ile ya tatu, Ruzizi III, imepangwa kuwa ya megawati 206, na hiyo njo ya ubia: kampuni binafsi zinajenga pamoja na Leta hizo tatu, kuranti inauzwa kwa nchi tatu. Mimi naiunga mkono, Bukavu tumekaa giza vya kutosha. Lakini enda usimame pale ziwa Kivu linapoingia mtoni, mvua kubwa ikishanyesha. Utaona chupa za plastiki, kambambili, vidumu vilivyopasuka, vimeshikana juu ya maji mpaka mtoto anaweza kufikiri ni udongo, na watu wako kwenye mtumbwi wanavuta takataka kwa mikono. Zinatoka kwenye vilima vyetu wenyewe, mvua inazisukuma ziwani, maji yanazivuta mpaka kwenye turbini, mashine inasimama, mitaa inazimika.

Sasa niambie, ndani ya kontra hiyo plastiki ni ya nani? Ikiandikwa kwamba ni balaa lisilo na mwenyewe, kampuni inasamehewa. Ikiandikwa kwamba kusafisha mto ni kazi ya Leta, basi mashine ikisimama Leta inaweza kudaiwa pesa ya kuranti ambayo haikutoka. Sentensi moja tu, na bei ya kilowati inabadilika kwa miaka na miaka. Watanzania wanajua hii kitu vizuri: ile kontra ya kampuni binafsi IPTL ya 1995, mtambo wa dizeli wa megawati 100, ilikuwa ya miaka 20, na Tanesco, shirika lao la umeme, ilitakiwa kulipia uwezo wa mtambo kila mwezi, hata kama kuranti haikuchukuliwa yote.

Watu wananijibuka, "tutaweka mdhibiti, ataangalia bei." Sawa, mdhibiti ni lazima, lakini angalia Uganda. Wao walikuwa naye tangu sheria yao ya 1999, tena ni mdhibiti anayefanya kazi kweli, na kampuni binafsi ya kusambaza kuranti, jina lake Umeme, iliingia 2005 kwa miaka 20. Upotevu wa kuranti ulishuka kutoka karibu asilimia 38 mpaka kama 17, hayo ni mazuri na lazima tuyaseme. Lakini kontra ilishaipa kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya pesa iliyowekeza, kwa hiyo mdhibiti alibaki kubishana ni pesa gani ihesabiwe na gani isihesabiwe. Kontra ikaisha mwezi wa 3 mwaka 2025, serikali ikalipa dolari milioni 118, Umeme ikasema inadai zaidi, wakapelekana kwa waamuzi London.

Kwetu mambo yalienda kinyume. Sheria ya umeme namba 14/011 ya 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi na ikataja mdhibiti, ARE, lakini viongozi wake waliteuliwa 2020. Katikati hapo, kule Rutshuru, mtambo wa maji wa Matebe ulishaanza kutoa kuranti mwishoni mwa 2015, na mtambo wa jua wa kampuni Nuru pale Ndosho, Goma, megawati 1.3, ulizinduliwa mwanzoni mwa 2020. Umeme ulifika na watu walifurahi, wana haki ya kufurahi. Ila bei zilizaliwa kabla mdhibiti hajakuja, na bei ikishazaliwa kuirudisha nyuma ni shida sana, juu mkopo wa benki ulishapimwa juu ya bei hiyo hiyo.

Njo maana mimi nasukuma kitu kimoja: mdhibiti asome kontra kabla ya saini, na kiambatisho cha bei kitundikwe penye abone wanaweza kukisoma, kwa Kiswahili. Yule mama nilimwambia atafute fakture zake zote za miezi sita. Alizileta juzi, zinanuka samaki, nne tu, mbili zililowa. Tumezipanga kwa tarehe, na pembeni ya kila moja anaandika kwa kalamu siku ambazo frigo ilizimika, anazikumbuka zote.