Choo cha skuli hakifi kwa kukosa semina

Nshachoka jamani. Kila mgeni anaekuja Pemba akakuta choo cha skuli kimetiwa kufuli, neno ni lile lile: watoto hawajaelimishwa, wapeni semina ya usafi. Mtoto wa darasa la tatu kunawa mikono anakujua, na wimbo wake atakuimbia. Akifika mferejini hakuna maji, hiyo elimu aipeleke wapi?

Idadi ya matundu ya vyoo sina ugomvi nayo. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema wasichana 25 kwa choo kimoja, wavulana 50 kwa kimoja na mahala pa kukojolea, mkandarasi anajenga, picha zinapigwa, basi.

Kinachoniudhi mimi ni koki. Ya plastiki, inashikwa na watoto wa mkondo wa asubuhi alafu na wa mchana, siku moja inakatika, tangi zima linamwagika usiku, mwalimu mkuu anafunga valvu anasema tutatengeneza wiki ijayo, na sisi huku tunachamba kwa maji kwa hiyo choo kikikosa maji leo kesho hakiingiliki, keshokutwa kufuli. Hakuna mtoto alieharibu hapo! Na mtoto haja yake haingoji fundi, atashuka bondeni akojoe kwenye maji yale yale yenye konokono, huku sisi tunagawa dawa yake, prazikwanteli, na kuulizana kwa nini kichocho hakiishi.

Pampu nayo ni hivyo hivyo, kisima kizima, pampu nzima, ila Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha na hakuna fungu liloandikwa umeme wa pampu.

Sabuni rahisi, ya unga, ikorogwe kwenye chupa ya maji iliotobolewa kifuniko, maana sabuni ya kipande itachukuliwa tu. Na choo cha wasichana kiwe na ndoo ya taka yenye mfuniko, la sivyo pedi zitaziba bomba.

Nani alipe sasa? Hapa mimi mwenyewe nasitasita. Kamati ya skuli ikichangisha msimu wa karafuu itapata, msimu ukipita wazazi watatoa nini, khasa wilaya masikini kama Micheweni? Tukiiachia wizara, barua ya koki moja itazunguka ofisi ngapi? Jibu kamili sina. Lakini mradi wenye pesa ya bango la nembo una pesa ya koki za akiba, basi ziandikwe kwenye mkataba, za chuma, saizi inayouzwa madukani Chake Chake, na spana ikae kwa mwalimu wa afya, isifungiwe ofisini kwa mkuu.