Ile kamba ya mguuni kwa kuhani mkuu

Jamani hii ya kamba nimeisikia mahubirini tangu niko sandei skuli, kwamba kuhani mkuu akiingia Patakatifu pa Patakatifu kule hekalu la Yerusalemu alifungwa kamba mguuni, kengele zikinyamaza watu wanajua amekufa wanamvuta nje.

Fungua Kutoka 28 na Walawi 16, mavazi yametajwa moja moja mpaka kilemba, kamba haimo. Hata Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ambayo inaeleza ile Siku ya Upatanisho, siku pekee ya mwaka aliyoingia humo, hatua kwa hatua, haitaji kamba yoyote. Kamba inakuja kuonekana kwenye Zohari, maandishi ya mafumbo ya Kiyahudi yaliyoanza kusambaa Hispania mwishoni mwa miaka ya 1200, wakati hekalu lilishabomolewa na Warumi mwaka 70, yaani zaidi ya miaka elfu imepita!

Halafu kengele zenyewe zilikuwa kwenye joho la bluu, na Walawi 16:4 inasema siku ile anaingia na kitani tupu, sasa zinalia kutoka wapi? Mishna inasema pia kulikuwa na mapazia mawili, katikati nafasi ya dhiraa moja, anapita upande huu anatokea upande wa pili, hebu jaribu kuvuta maiti hapo.

Hofu ilikuwepo kweli lakini, ndo maana akitoka aliomba dua fupi tu, watu nje wasiingiwe na wasiwasi.