Harufu Ikifika kwa Jirani, Hao si Nzi Chuma

Wafugaji wa kuku hapa Mwanza wameshaona kwamba mabuu (funza) ya nzi chuma, mdudu anayefugwa kwa kulishwa mabaki yanayooza, yanapunguza gharama ya dagaa kwenye chakula cha kuku. Ni jambo jema, na sisi wa afya ya mazingira hatuna ugomvi nalo. Malalamiko tunayoletewa ni ya ndoo za utumbo wa samaki zilizoachwa wazi nyuma ya nyumba, mwenyewe akisema, "Nafuga nzi chuma, afisa." Ukifunua, unakuta funza weupe, laini, waliochongoka upande mmoja. Hao ni nzi wa kawaida, wale wale wanaotoka chooni na kutua mezani.

Nzi chuma hatagi kwenye uozo wenyewe. Hutaga kwenye nyufa kavu zilizo karibu nao, ndiyo maana mfugaji makini huweka vipande vya mbao vilivyobanwa pamoja juu ya beseni. Buu lake ni bapa, lina pingili na ngozi ngumu. Likikomaa huwa la kahawia iliyokolea, kisha hutambaa kutafuta pakavu. Mdudu mzima ni mweusi, mwembamba kama nyigu. Haumi, wala hana haja na ugali wako. Kwa hiyo wanaotangaza mtaani kuwa analeta kipindupindu, tunawaomba waache. Kipindupindu tunajua kinakotoka.

Utumbo wa sato au sangara usiwekwe peke yake. Changanya na pumba au maranda mpaka ukiminya mkononi yatoke matone machache tu, na weka kiasi kitakachoisha siku hiyo hiyo. Kinyesi cha binadamu, hapana.

Kuhusu utaratibu: mlalamikaji aanzie kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, si redioni. Mtendaji huandika lalamiko na kumjulisha afisa afya wa kata, naye huja kukagua. Ikithibitika kuwa ni kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, mhusika hupewa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Notisi si faini. Wapo wanaoichana mbele yetu, wakidhani wameshinda. Muda ukiisha bila marekebisho, shauri linaweza kufikishwa mahakamani, na huko unaweza kutozwa faini. Ukisharekebisha, mwite afisa akague tena na aandike kwamba kero imekwisha. Kuambiwa kwa mdomo "sawa, mama, endelea" hakutakusaidia akija afisa mwingine. Nakala ya notisi itunzwe hata baada ya hapo.

Majirani nao waache kupuliza dawa ya wadudu juu ya ukuta wa mwenzao. Hilo ni kosa hata kama harufu ni ya kweli, na mabuu yaliyopuliziwa yasipewe kuku kabisa, hata yakioshwa. Mfugaji akigundua, asiyaguse kwa mikono mitupu. Amwite afisa afya wa kata kabla ya kuyatupa, kwa sababu yakishatupwa hatuna cha kukagua.