Kutandaza nailoni si ruhusa ya kubananisha mahindi

"Bwana shamba, nimeshatandaza nailoni, unyevu haupotei tena. Msimu huu napanda miche mara mbili ya kawaida." Kauli hii nimeisikia Chamwino, nimeisikia Kongwa, huku kwetu Dodoma, na juzi nimeisikia tena. Inawamalizia watu mbegu na nguvu, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Nailoni, yaani karatasi ya plastiki ya kufunika udongo wa shamba, haileti mvua. Kazi yake ni kuzuia maji yasipae kutoka kwenye udongo, na katika maeneo makavu kama yetu theluthi moja hadi nusu ya mvua ya msimu huweza kupotea hivyo. Faida ipo. Lakini tazama inapatikana lini: wiki za mwanzo, mihindi ikiwa midogo na udongo uko wazi juani. Majani yakishafunga, kivuli chenyewe kinaufunika udongo, na maji mengi sasa yanapotea kupitia majani. Hapo nailoni haina la kuzuia. Kila mche uliouongeza ni mdomo mwingine kwenye mtungi uleule.

Sentimita 75 kati ya mistari kwa 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, ni miche kama 18,000 kwa ekari. Ukiifanya 30 iwe 15, una 36,000. Mwezi wa kwanza shamba linapendeza, majirani wanakuja kulitazama. Kisha Februari mvua inakatika, jambo tulilolizoea Dodoma, na mahindi yako ndiyo kwanza yanachanua.

Mwaka jana mama mmoja aliniita kwenye shamba la namna hiyo. Nikamenya hindi: gunzi lote tupu, punje chache zimeshika upande mmoja. Ndevu zilikuwa bado mbichi, laini, ilhali mbelewele juu, yaani maua yanayomwaga chavua, zimeshakauka. Mhindi ukishikwa na kiu huchelewesha ndevu. Zikichomoza, chavua imeshamwagika, na punje hazishiki. Hatua tano pembeni, kwenye kona ambako mbegu nyingi hazikuota, mahindi yalikuwa yamejaa mpaka nchani. Mama akabaki anayageuza mkononi. Kona ya mapengo ndiyo aliyovuna.

Kwa mbegu ya muda mfupi, yenye mmea mfupi, kwenye udongo mzito unaoshika maji, huwa naruhusu 75 kwa 25, yaani miche kama 21,500. Zaidi ya hapo sikubali. Kwenye udongo wa kichanga baki na 30.

Wengine wanakimbilia upande wa pili: "Basi nipande mbalimbali kabisa." Nayo ni hasara. Nailoni umeinunua, na mwaka wa mvua nzuri mhindi mmoja hauwezi kuzaa kwa niaba ya mitatu.

Mbegu tatu kwenye tundu moja? Hiyo ni miche mitatu, usijidanganye kwamba ni shimo moja. Punguza ikiwa na majani matatu au manne, na ukate, using'oe. Ukivuta mmoja unaitikisa mizizi ya jirani yake.

Nailoni inayopitisha mwanga huotesha magugu chini yake, nayo yanakunywa. Tumia nyeusi.

Halafu hizo picha za Gansu, China, mnazotumiana kwenye simu. Kule wanafunika ardhi yote: tuta pana la sentimita 70, tuta dogo la 40, na mahindi yako kwenye mfereji katikati, ambako mvua ya matuta yote mawili inateremkia. Wewe umefunika tuta lililoinuka na kupanda juu yake, mvua inateleza kwenda kwenye njia kati ya matuta. Huwezi kuiga idadi yao ya miche bila kuiga mifereji yao.

Kabla ya kutoboa, chukua kamba, piga fundo kila sentimita 30, mtu mmoja ashike kila ncha, na tundu liende penye fundo tu. Ukikadiria kwa hatua au kwa jicho, mikono hubana yenyewe kadiri jua linavyopanda, na tundu likishatobolewa kwenye nailoni halizibiki.