Mkwaruzo niliojuta kuufuta

Kazi yangu ni kuhamishia sauti za santuri kwenye kompyuta. Wateja wengi huniuliza kwa nini wimbo uleule walioupata mtandaoni, safi kabisa, hauwagusi kama santuri yao kuukuu. Jibu nililipata nyumbani.

Mama alikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko zote, ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila Jumapili jioni aliipiga akikunja nguo. Kwenye ubeti wa pili palikuwa na mkwaruzo: tak, tak, tak, mara nane hivi, kisha sauti inatulia. Nilipoujua ufundi huu, nilitaka zawadi yangu ya kwanza kwake iwe wimbo huo. Nikaiosha santuri, nikabadilisha sindano, nikafuta kila mlio usiotakiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Mzuri, mwanangu. Ila huu si ule wangu."

Nikarudi mezani. Mkwaruzo uliokatiza mifuo, ile mistari ya santuri ambamo sindano hupita, hugongwa na sindano kila santuri inapomaliza mzunguko. Kwa mizunguko 45, ni kila baada ya sekunde 1.33, bila kukosea. Huo ni mdundo kamili. Sikio lililoishi nao miaka mingi limekwisha kuuhesabu kuwa mmoja wa wapigaji.

Kisha nikapima kinanda chetu cha zamani cha kupigia santuri. Kilikuwa kikizungusha karibu mara 48 kwa dakika. Kasi ikizidi hivyo, sauti hupanda takriban nusu toni, na wimbo wa dakika 3 huisha sekunde 11 mapema. Mwimbaji tuliyemjua sisi alikuwa na sauti nyembamba kuliko yake halisi, na mimi nilikuwa nimemrudishia mama mtu mwingine. Kumbukumbu hushika mambo haya kwa nguvu ya ajabu: mwaka 1994 mtafiti wa saikolojia Daniel Levitin alichapisha jaribio la watu walioimba nyimbo wazipendazo kwa kukumbuka tu, na takriban 40 kati ya kila 100 walikipata, walau mara moja, kimo kilekile cha sauti ya rekodi.

Siku hizi natoa nakala mbili, na ya kwanza siigusi. Kama kinanda cha mwenyewe bado kipo, hata kibovu, naomba niletewe nikipime kasi kwanza.

Mama nilimtengenezea upya, kwa mizunguko 48, na mkwaruzo wake. Ubeti wa pili ulipokaribia aliacha nguo mapajani, na kidole chake kikaanza kugonga meza kabla mkwaruzo haujafika.