Hodhi halifuniki sakafu mbovu

“Bosi, si hodhi linakaa hapo juu? Litafunika.” Fundi aliniambia hivyo akiwa amechuchumaa bafuni kwetu, Isamilo, Mwanza, ncha ya kidole chake imezama kwenye ufa wa sakafu. Hodhi lenyewe lilikuwa bado kwenye boksi sebuleni (mtaani wanaliita jakuzi, hata kama halina pampu wala mapovu). Nikamwambia likae huko huko kwanza.

Kufunika litafunika. Ila piga hesabu: lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijaza lita 150, akaingia mtu wa kilo 70, bila hata uzito wa hodhi, una kilo 220 zilizosimama juu ya vijiguu vichache. Kimoja kikititia milimita chache tu, silikoni ya ukutani inaachia, maji yanapata njia, na wewe huoni kitu.

Maneno mengine ya mafundi ni haya. “Marumaru haipitishi maji.” Yenyewe, sawa. Viungio vyake vinapitisha, kidogo kidogo, kila mnapooga. Kinachozuia maji ni tabaka maalumu linalopakwa chini ya marumaru na kupandishwa ukutani. Gonga moja moja kwa mpini wa bisibisi: iliyoshika inatoa sauti fupi, nzito, iliyoachana na sakafu inalia kama debe tupu. Kwetu zililia 11, zote karibu na tundu la kutolea maji.

“Ule unga mweupe unaoota sakafuni ni chumvi ya ziwa.” Hii huwa inanichekesha. Ziwa Victoria ni maji baridi. Nani aliwahi kupikia maji yake akaacha kutia chumvi? Unga huo ni madini ya kwenye saruji na udongo: unyevu unayapandisha, maji yanakauka, yenyewe yanabaki juu. Ukiufagia bila kutafuta maji yanakotoka, utaufagia tena. Hata mchanga wa ziwani usiukatae kwa chumvi. Angalia tope: tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope litalala juu ya mchanga. Likiwa nene, tafuta mchanga mwingine.

“Ufa ni ufa tu, pitisha niru (uji wa saruji).” Kwa nyumba zetu za milimani hapa Mwanza, ngoja kidogo. Mara nyingi upande mmoja wa jamvi, yaani zege la sakafu, umelala juu ya jabali, upande wa pili juu ya kifusi kilichojazwa kusawazisha kiwanja. Jabali halisogei. Kifusi kinashuka, na jamvi linakatika pale viwili hivyo vinapokutana. Kabla ya kuziba, bandika kiraka chembamba cha plasta juu ya ufa, andika tarehe. Kikipasuka baada ya wiki chache, nyumba bado inashuka, na hapo mwite mtu wa msingi. Chetu kilikaa mwezi mzima bila kupasuka, ndipo tukavunja mpaka kwenye zege gumu, tukafagia vumbi lote na kulowanisha.

Tulichanganya ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Fundi alitaka kufunga hodhi kesho yake, maana “imeshakauka”. Saruji haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kuungana na maji, na ikinyang'anywa maji mapema inabaki ya kukwanguka kwa ukucha. Upepo wa alasiri kutoka ziwani unaingia moja kwa moja dirishani kwetu, kwa hiyo tulifunika magunia mabichi siku 7. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28.

Mteremko nao unachanganya watu. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Hodhi hapana: lifungwe sawasawa kwa pima maji, kwa kuwa mteremko wake umo ndani yake tayari.

Silikoni tuliipaka hodhi likiwa limejaa maji, ili lishuke kabisa kwanza, na maji hatukuyatoa mpaka silikoni ikauke. Watoto walikuja na mataulo yao usiku ule ule. Tukawarudisha.