Nyutroni kuhama kutoka kiini kimoja hadi kingine ni nini?

Fom foo unafunzwa fisheni na fyusheni alafu kitabu kinafungwa, na wengi wetu huku Kisumu tunabaki tukidhani ni hizo mbili tu, ama kiini cha atomu kipasuke ama viini viungane. Kuna ingine, na kwangu mimi ndio tamu zaidi: viini viwili vinapitana karibu, nyutroni (chembe moja kati ya zile zinazounda kiini, ingine ni protoni) inatoka kwa kimoja inaingia kwa kile kingine, basi, kila mmoja na njia yake.

Mbona nyutroni inahama kirahisi kuliko protoni? Shida ni chaji. Viini vyote viko na chaji chanya, kwa hivyo vikikaribiana vinasukumana, na protoni ikijaribu kuvuka inasukumwa pia. Nyutroni haina chaji, hiyo vita haiihusu. Inashikwa na nguvu ya nyuklia, ambayo haifiki mbali, na kwa sababu ya mambo ya kwantamu, yaani sheria za vitu vidogo sana, nyutroni haiko ndani ya kiini kabisa kabisa, uwezekano wa kuipata unavuka ukingo kidogo na kufifia huko nje, na ikiwa imeshikwa kilegevu unafika mbali zaidi. Fikiria makanga ananing'inia mlangoni pale Kondele, matatu ingine ikipita karibu huyo ameshadandia, lakini abiria aliyebanwa siti ya nyuma haendi popote.

Mfano unaopendwa sana ni dyutroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana kwa MeV 2.2 tu (MeV ni kipimo cha nishati), hiyo ni kidogo sana kwa mambo ya viini. Irushe kwa kaboni-12 (hiyo namba ni jumla ya protoni na nyutroni zake): kaboni inanyakua nyutroni inakuwa kaboni-13, protoni inaendelea na safari peke yake. Hesabu yake iko sawa, kung'oa nyutroni kwa dyutroni kunagharimu 2.2, kaboni-13 inaishika kwa 4.9, kwa hivyo zinabaki MeV 2.7 ambazo zinakuwa mwendo. Mwaka 1935 wanafizikia Oppenheimer na Phillips walieleza kitu kizuri hapa: dyutroni ikikaribia kiini inageuka, protoni inasukumwa nyuma na nyutroni inatangulia, ndio maana hii kitu inafanyika hata mwendo ukiwa mdogo.

Kuna kinyume chake pia. Beriliamu-9 imeshika nyutroni yake ya mwisho kwa kama MeV 1.7, protoni ikipita inaichukua inakuwa dyutroni, na beriliamu-8 inayobaki haikai, inagawanyika papo hapo kuwa hiliamu mbili. Beriliamu-11 ndio legevu kupindukia, 0.5 tu, nyutroni yake inazurura mbali na wenzake.

Usichanganye hii na kunaswa kwa nyutroni kule kwa riakta, yaani mtambo wa nyuklia, pale nyutroni inakuja ikiwa huru. Hapa haipitii hatua ya kuwa huru, inatoka mkononi kwa huyu inaingia kwa huyu.

Na mbona watu wanajisumbua kuipima? Kwa sababu ya ile protoni iliyobaki. Mwanafizikia Butler alionyesha mwaka 1950 kwamba pembe zinazopendwa na protoni zikitoka zinategemea nyutroni imetua na mzunguko gani ndani ya kiini kipya, na nishati ya protoni inakuambia nyutroni imekaa ngazi gani ya nishati. Yaani unapima protoni iliyotoroka, unasoma makao ya nyutroni ambayo hutawahi kuiona.